Kuvaa Uhusika, Kuvua Uhusika: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mwigizaji wetu hufundishwa kupaza sauti. Hufundishwa kusimama, kugeuka na kuanguka bila kuumia. Ikifika zamu ya akili, huambiwa neno moja tu: "Jisikie!" Hapo ndipo anapoumizwa.

Nimeongoza mazoezi Bujumbura kwa muda mrefu, na haya ninayoyaandika nimechoka kuyasema kwa mdomo. Vijana wenye kipaji wanaacha jukwaa kwa sababu mtu aliwafungua kidonda kwa ajili ya onyesho la saa moja, na hakujua kukifunga. Burundi imepita mauaji ya 1972. Imepita 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba, na miaka ya vita iliyofuata. Imepita machafuko ya 2015. Anayeingia chumba cha mazoezi hapa Buja anaingia na wafu wake, hata kama alizaliwa vita vimekwisha, kwa kuwa kalelewa na waliobaki. Akili ya mwigizaji huyo iandaliwe kama sauti na mwili vinavyoandaliwa: kwa zoezi, kwa saa, kwa utaratibu wa kuingia na utaratibu wa kutoka.

KABLA YA MAZOEZI

Fanya

Yajue maneno yako mapema. Yajue kiasi cha kuyasema huku unafua, huku unamenya mihogo, huku mtu anakuuliza bei ya nyanya. Mwigizaji anayetafuta neno hana nafasi ya kumsikiliza mwenzake, na asiyesikiliza anakariri tu. Ukishajifunza, lala. Usingizi ndio unaoyashikisha maneno kichwani. Anayekesha na mswada usiku wa kuamkia onyesho hupanda jukwaani akiwa nusu mtu.

Fika, kisha utulie. Tangu shida ya mafuta iisumbue nchi, waigizaji wengine hutembea kutoka Kinama au Kanyosha hadi mjini kwa kukosa basi. Mtu anaingia amelowa jasho, ana hasira za foleni, na mwongozaji anapiga makofi: "Haya, tuanze!" Usianze. Mpe robo saa ya kukaa chini, maji ya kunywa, simu imezimwa. Hasira ya barabarani isipopewa muda wa kushuka, utaikuta kwenye tukio la ugomvi, na ngumi itakuwa ya kweli.

Pumua kwa hesabu. Vuta hewa kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita au nane. Kuitoa hewa polepole kuliko ulivyoivuta hushusha mapigo ya moyo. Mwili umeumbwa hivyo, uamini usiamini. Fanya zoezi hili kila siku, hata siku isiyo na onyesho. Asiyelizoea akiwa ametulia hatalikumbuka siku ya hofu.

Jibu maswali ya mhusika kwa maandishi. Anatoka wapi? Anataka nini kwa mtu aliye mbele yake sasa hivi? Nini kinamzuia? Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha Jumba la Sanaa la Moscow mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, alimfundisha mwigizaji kujiuliza: ningefanya nini kama ningekuwa katika hali hii? Angalia vizuri, swali linauliza ungefanya nini. Haliulizi ungehisi nini. Andika jibu kwenye daftari. Mwigizaji asiye na jibu hujaza pengo kwa maisha yake mwenyewe, na huko hatutaki aende peke yake.

Usifanye

Usinywe ili upate ujasiri. Urwarwa, pombe yetu ya ndizi, haikupi ujasiri. Inakuondolea uwezo wa kujua umempiga mwenzako kwa nguvu kiasi gani. Bangi ni vivyo hivyo. Mwigizaji aliyelewa simpandishi jukwaani, hata kama watu wameshakaa na tiketi zimeuzwa. Nimewahi kufuta onyesho kwa sababu hiyo, na nitafuta tena.

Usijitese ili uelewe. Kushinda na njaa siku nzima ili uigize njaa, kutolala ili uigize mkimbizi, ni upuuzi. Mwenye njaa ya kweli hasikii zamu yake ya kusema, huona kizunguzungu, huanguka pasipopangwa. Watazamaji hawakuja kuhesabu ulichojinyima.

Usiige maradhi ya watu kwa kukisia. Lupita Nyong'o, Mkenya aliyepata Oscar mwaka 2014 kwa nafasi ya Patsey katika 12 Years a Slave, ni mtu wa maandalizi. Alisomea uigizaji chuo kikuu cha Yale. Kwa filamu ya Us ya mwaka 2019 aliijenga sauti ya mhusika wake kutokana na maradhi halisi yanayokaza misuli ya koo, akafanya kazi na wataalamu ili asijiharibu sauti. Hata hivyo watetezi wa wenye maradhi hayo walilalamika kwamba hali yao imegeuzwa kitu cha kutisha, naye akaomba radhi hadharani. Kama yeye mwenye wataalamu pembeni yalimfika hayo, wewe unayemwiga mgonjwa wa akili uliyemwona stendi, bila hata kumsalimia, utafika wapi? Nenda ukakae na mwenye hali hiyo au na jamaa zake. Omba ruhusa. Sikiliza.

KUTAFUTA MACHOZI

Usifanye

Usimwambie mwigizaji amkumbuke marehemu wake. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Binti ana nafasi ya mjane. Machozi hayaji. Mwongozaji anamsogelea, anamnong'oneza: "Mfikirie baba yako." Machozi yanakuja, tena kwa wingi, kikundi kinashangilia. Jioni ya pili yanakuja tena. Jioni ya tano binti anasimama katikati ya tukio, haongei, mikono inatetemeka, hajui yuko wapi. Huko ni kuhahamuka, yaani kiwewe kumpanda mtu ghafla, na hakuna mtu wa hapa asiyekujua kwa macho. Kwao walikuwa hawajaganduka, yaani hawajafunga msiba. Matanga ya baba yake hayajaondolewa, familia inasubiri kupata pesa za shughuli, na mtu mmoja mwenye mswada mkononi alijipa mamlaka ya kuanzisha kilio kila siku ya mazoezi. Binti hakurudi tena. Kikundi kikasema hana moyo wa kazi. Moyo alikuwa nao. Kikundi ndicho kilichouchezea.

Wanaoitetea njia hii hunitajia Stanislavski. Wamsome hadi mwisho. Ni kweli kwamba mwanzoni aliwafundisha waigizaji kuchimba kumbukumbu zao za uchungu na furaha. Ni kweli pia kwamba baadaye alitia mkazo kwenye vitendo vya mwili na hali za kubuni. Mwaka 1934 mwigizaji Mmarekani Stella Adler alikutana naye Paris, akafanya naye kazi kwa wiki kadhaa, akarudi Marekani kuwaambia wenzake kwamba mwalimu mwenyewe anategemea ubunifu kuliko kumbukumbu. Mmoja wao, Lee Strasberg, hakukubali, akaendelea na kumbukumbu, na jina lake likavuma kwa sababu ya nyota wa filamu waliopita mikononi mwake. Kwetu njia yake ilifika kwa masimulizi, bila mwalimu wa kusimama karibu.

Tena kuna kisa kinachosimuliwa juu ya Michael Chekhov, mwanafunzi wa Stanislavski. Aliigiza darasani mazishi ya baba yake kwa ukweli uliomfanya mwalimu amkumbatie. Baadaye ikajulikana kwamba baba yu hai. Mwalimu alichukia. Mimi nachukua somo lililo wazi: kichwa cha mwigizaji kina uwezo wa kumzika mtu ambaye hajafa, na mwenye jicho kali akaamini. Basi kaburi la kweli unalichimbua kwa nini?

Usimpime mwigizaji kwa machozi. Marie-Louise Sibazuri aliandika Umubanyi Niwe Umuryango, mchezo wa redio wa Studio Ijambo ulioanza mwaka 1997 vita vikiwa vinaendelea, kuhusu familia mbili jirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi. Ulirushwa kwa mamia ya vipindi. Nchi nzima ilisikiliza, na redioni hakuna anayeona chozi. Kinachosikika ni sauti ya mtu anayejizuia, na msikilizaji humalizia mwenyewe alipo. Anayekudai chozi hajui kazi.

Fanya

Mpe mwigizaji kazi ya mikono. Mjane ana shati la mumewe la kukunja, na kifungo kimoja hakipo. Mwambie akitafute kifungo kwa dhati, sakafuni, chini ya mkeka, huku wageni wanabisha hodi na yeye hataki wamkute hivyo. Uchungu utamjia au hautamjia; kwa vyovyote watazamaji watauona. Na tukio likiisha, kifungo kinabaki jukwaani. Haendi nacho nyumbani.

Anzia mwilini. Susana Bloch, mtafiti wa Chile, alianza miaka ya 1970 kuchunguza jinsi pumzi, mkao na uso vinavyoamsha hisia, na kazi yake ikazaa njia ya mafunzo iitwayo Alba Emoting. Mwigizaji hujifunza pumzi ya huzuni, mkao wa hasira, uso wa hofu. Kwa kila hisia hufundishwa pia kutoka: anasimama wima, anapumua kwa usawa, anajipangusa uso kwa viganja, anabadili mkao. Kutoka kunafundishwa pamoja na kuingia. Ukikutana na mkufunzi anayejua kuingiza na hajui kutoa, chukua mkoba wako uondoke.

Buni mbali na nyumbani. Kama lazima mwigizaji awe na picha ya kifo kichwani, aibuni: jina lisilo la ndugu yake, kartiye asiyokaa, mwaka usio wake. Aijaze vitu vidogo, rangi ya mlango, harufu ya mafuta ya taa, viatu vilivyoachwa barazani. Vitu vidogo ndivyo vinavyoishikisha picha. Ukaribu wa damu hauhitajiki.

MATUKIO YA VITA, KIPIGO NA UBAKAJI

Fanya

Someni mswada wote mezani kabla ya kugawana nafasi, na kila mtu awe na ruhusa ya kukataa nafasi bila kueleza sababu. Bila kueleza sababu, nimesema. Kumtaka mtu aeleze kwa nini hawezi kuigiza aliyekatwa panga ni kumfanya asimulie kilekile anachokikwepa, tena mbele ya kundi.

Wekeni ishara ya kusimamisha. Neno moja, au kiganja kikigonga sakafu mara mbili. Ikitolewa, kila mtu anasimama papo hapo, hata mbele ya watu mia tano. Waigizaji huona haya kuitumia, kwa hiyo mwongozaji aitumie yeye kwanza, katika mazoezi ya kawaida, hadi izoeleke.

Pangeni kila mguso. Mkono unaanzia wapi, unaishia wapi, hesabu ngapi. Tukio la ubakaji linafanyiwa mazoezi kwa hatua na hesabu, watu wazima wawili zaidi wakiwapo chumbani, na mmoja wao awe mwanamke. Kinachoachwa kitokee chenyewe humgharimu aliye mdogo kuliko wote chumbani.

Waarifu majirani. Milio ya bunduki na makelele ya umati yakitoka kiwanjani Kamenge saa moja usiku, jirani hana njia ya kujua kwamba ni mchezo. Mwone mkuu wa kartiye, waambie polisi wa zamu, piteni nyumba kwa nyumba. Raoul Peck aliporekodi Sometimes in April nchini Rwanda, filamu kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994 iliyotoka 2005, washauri wa watu wenye kiwewe walikuwapo kazini. Shooting Dogs ya mwaka huohuo ilirekodiwa Kigali katika ETO, shule ambayo askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliiacha tarehe 11 Aprili 1994, wakiwatelekeza watu zaidi ya elfu mbili waliokimbilia humo, na kati ya waliofanya kazi kwenye filamu hiyo walikuwamo manusura. Fikiria maana ya kusikia filimbi na vigelegele vya wauaji mahali palepale. Washauri wa kuwalipa huenda huna. Kubisha mlango wa jirani hakuhitaji bajeti.

Usifanye

Usimvizie mwigizaji. Kumpiga kofi asilolitarajia ili umpate ameshtuka kweli ni uoga wa mwongozaji asiyejua kuelekeza. Mwongozaji Bernardo Bertolucci alimvizia mwigizaji wake Maria Schneider katika filamu ya Last Tango in Paris mwaka 1972. Schneider alikuwa na miaka 19. Katika tukio la ubakaji alifichwa jambo walilopanga wanaume wawili, mwongozaji na mwigizaji mwenzake Marlon Brando, kwa sababu mwongozaji alitaka aibu yake iwe ya kweli. Schneider alibaki na jeraha la siku hiyo na alilisema hadharani miaka mingi baadaye. Filamu inasifiwa hadi leo. Siisifu.

Usilete silaha ya kweli mazoezini, hata ikiwa tupu. Chonga ya mti, ipake rangi, na iwe na mtu mmoja wa kuitunza na kuifungia. Katika mji uliozoea guruneti, hakuna anayepaswa kukisia kama kilicho mkononi mwa mwigizaji ni mchezo.

Usimpandishe manusura jukwaani asimulie yake kwa kuwa itagusa watu. Frédérique Lecomte, mwongozaji kutoka Ubelgiji, amefanya kazi Burundi kwa miaka mingi akiwakutanisha jukwaani walioumizwa na walioumiza. Wanaotaka kuiga kazi hiyo kwa mazoezi ya wiki moja, kwa sababu mfadhili anadai ripoti mwisho wa mwezi, wanawachezea watu. Mwambie mfadhili muda hautoshi. Mpendekezee mada nyingine. Akikataa, acha pesa zake.

Usicheze na kupandwa na pepo. Katika tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, shujaa anashikwa na pepo Hongo na kuvutwa hadi mto Rufiji. Ni tukio ambalo kila kijana analitamani. Lifanye kwa pumzi, kwa magoti, kwa hesabu unayoijua hadi hatua ya mwisho. Usitumie nyimbo halisi za kupandishia pepo wala za ibada ya kubandwa. Kati ya watazamaji yupo ambaye nyimbo hizo zina kazi kwake, na anaweza kuanguka kabla yako. Wewe utakuwa unaigiza, yeye hatakuwa anaigiza.

SIKU YA ONYESHO

Fanya

Uzoee uwanja. Kama ni ukumbi, panda jukwaani kabla watu hawajaingia, ukae kwenye kiti cha mwisho nyuma, uone mwenyewe utaonekanaje. Kama ni mlimani, ujue jua litakuwa upande gani, watoto watakaa wapi, mbuzi watapita wapi. Fanyeni mazoezi mawili ya mwisho huku wenzenu wanapiga kelele na kuingia na kutoka. Akili iliyozoea ukimya huvunjika kwa kilio cha mtoto mmoja.

Ikubali hofu. Moyo kwenda mbio, viganja kulowa, tumbo kukaza, ni mwili unaojiandaa kwa kazi. Mwambie mwenzako waziwazi, "Naogopa," kisha fanya zoezi la pumzi. Anayeificha hofu huhangaika na mambo mawili kwa wakati mmoja, hofu yenyewe na kuificha.

Usifanye

Usipokee maelekezo mapya saa ya mwisho, hata kama yanatoka kwa mkubwa. Usisome ujumbe wa simu nyuma ya pazia. Habari ya nyumbani inayokufikia dakika tano kabla ya kuingia utaingia nayo.

KUVUA UHUSIKA

Hapa ndipo tunapofeli karibu sote. Vikundi vinavyojua kupasha mwili moto ni vingi. Vinavyojua kuwatoa waigizaji wao, navihesabu kwa vidole.

Fanya

Tokeni kwa utaratibu mlioingia nao. Wapiga ngoma wetu, ambao ngoma yao iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, huingia uwanjani ngoma zikiwa kichwani, wakipiga na kuimba, na hutoka vilevile. Hakuna anayeitupa ngoma katikati ya uwanja na kukimbilia basi. Mwigizaji wetu anamaliza kuigiza muuaji saa kumi na mbili, na saa kumi na mbili na robo yumo kwenye basi la Buyenzi, damu ya rangi ikiwa bado shingoni, mwili wote umekaza. Anafika nyumbani anamfokea mdogo wake, na hajui kwa nini.

Tengeni dakika kumi, na ziwe sehemu ya kazi. Kila mtu avue vazi la mhusika kwa mikono yake na kulitundika. Anawe uso na mikono kwa maji. Atikise mwili kuanzia vifundo vya miguu hadi mabega. Aseme kwa sauti jina lake, anakokaa, leo ni siku gani, usiku atakula nini. Waliopigana au kutukanana katika mchezo wasimame uso kwa uso, waitane kwa majina yao halisi, washikane mikono. Kijana aliyeona haya kufanya hivi nimemwona miezi miwili baadaye haongei na mwenzake nje ya mazoezi, kwa ugomvi ulioandikwa na mtu mwingine kwenye karatasi.

Mwandae anayeigiza mbaya. Mwigizaji wa redio aliyepewa nafasi ya msaliti hupita sokoni akaitwa kwa jina la msaliti. Wengine humcheka, wengine humtukana kwa dhati. Afundishwe kujibu kila mara kwa jina lake: "Mimi ni fulani, yule namwigiza." Familia yake iambiwe kabla mchezo haujarushwa, mama hasa. Na watoto wake, kama anao, wawahi kusikia kwake kabla ya kusikia shuleni.

Usifanye

Usimwite mwigizaji kwa jina la mhusika nje ya mazoezi, hata kwa utani. Mkoseshe mtu jina lake kwa wiki sita na utaona anavyochelewa kulirudia.

Usiende na vazi nyumbani. Wala usiliazime kuvaa harusini, hata likiwa zuri.

Usiwapeleke waigizaji kwenye mjadala na watazamaji kabla hawajavua. Tamasha kama Buja Sans Tabou, lililoanzishwa na Freddy Sabimbona, huleta jukwaani mambo ambayo mji umezoea kuyanyamazia, na watu huwa na mengi ya kusema taa zikiwaka. Wasubiri. Aliyetoka kuigiza mateso sasa hivi akiulizwa swali kali na mtu mwenye uchungu, atajibu kwa kinywa cha mhusika, na jibu hilo litamfuata hadi nyumbani kwake.

Usirekodi vilio vya vipindi vyote siku moja ili kuokoa pesa za studio. Koo huharibika, hilo kila mtu analijua. Wasichokijua ni kwamba mwigizaji anayelia tangu asubuhi hafiki jioni akiwa na kitu cha kutoa, na anaanza kuchota pale nilipokukataza, kwa marehemu wake.

KWA ANAYEONGOZA

Fanya

Jua mtu wa kumpeleka kwake kabla hujamhitaji. Kamenge kuna kituo cha magonjwa ya akili kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo. Kuna pia THARS, shirika la hapa nchini linalowahudumia wenye kiwewe. Nenda ukajitambulishe siku ya kawaida, uulize wanapokea vipi na lini, uandike namba. Siku mtu anatetemeka sakafuni haifai kuwa siku ya kuanza kuuliza.

Mtu akihahamuka, simamisha kazi. Watoe wengine nje, abaki anayemwamini. Keti naye chini, usimzuie mlango. Sema naye kwa upole na kwa jina lake: upo wapi, nani yuko nawe, hii ni sakafu, hii ni mikono yako. Mpe maji akiweza kuyashika. Mtu amsindikize hadi kwao, na aliyemsindikiza aeleze familia.

Usifanye

Usijifanye mganga. Ulisomea kuongoza mchezo. Usimhoji ilikuwaje, nani alikufa, ulikuwa na miaka mingapi. Usimkabidhi kwa mwombezi wa kikundi amkemee pepo mbele ya wenzake. Nimeona hivyo, na binti aliyefanyiwa alipata aibu mbili badala ya moja.

Usimwondoe kimya kwenye orodha na kumpa mwingine nafasi yake kabla hujazungumza naye. Mpigie simu kesho yake, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Asipopokea, usiseme atakuja mwenyewe. Aliyeumia kazini huona aibu kumrudia aliyemuumiza. Nenda kwao mchana, ukae na mama yake, umweleze kilichotokea mazoezini bila kujitetea, na umlipe pesa za siku zote alizofanya kazi.